Waliojenga mifereji ya Engaruka walikwenda wapi?

Mpita Njia
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilikuwa safarini kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, nikashuka Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, kwa saa tatu tu, na tangu nirudi swali moja halijaniacha. Shuleni tulikaririshwa mafuriko ya Nile, shadufu za Wamisri na mifereji ya Babeli, nami hadi leo naweza kuichora bila kuangalia daftari. Hakuna mwalimu aliyenitajia kuwa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ndani ya Wilaya ya Monduli, lipo eneo la takriban kilomita za mraba 20 lililogawanywa kwa mawe kuwa vishamba vidogo vidogo, na kwamba vishamba hivyo vyote vilikuwa vikipata maji kwa mifereji iliyotoka kwenye mito inayoshuka nyanda za juu za Ngorongoro.

Nilichuchumaa kwenye mfereji mmoja. Upana wake hauzidi hatua moja, kingo zake ni mawe yaliyopangwa bila kitu chochote cha kuyashikisha, na bado yamesimama. Kijana aliyenitembeza aliniambia kuwa watu hao waliishi pale miaka 2,000 iliyopita, kwamba walizidi 30,000, na kwamba siku moja walitoweka. Naomba wenye kujua wanisaidie: walikuwa nani, na kwa nini waliacha kazi kubwa namna ile?

Mwalimu Mstaafu
Ahsante kwa uzi mzuri. Nianze kwa kusahihisha mambo mawili, kwa sababu yasiporekebishwa mapema tutajenga juu ya mchanga.

Kwanza, umri. Vipimo vya kaboni vinaweka uhai wa makazi yale kati ya karne ya 15 na karne ya 18, pengine na mwanzo wake kidogo kabla ya hapo. Kwa hiyo wakulima wa Engaruka ni watu wa zama za Kilwa na za Wareno, hawakuwa watu wa zama za Yesu.

Pili, idadi. Hiyo 30,000 inatokana na mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935 na kukadiria watu kati ya 30,000 na 40,000. Alihesabu mabaki ya nyumba kana kwamba zote zilikaliwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo watafiti waliomfuata hawakulikubali, na makadirio yao yameshuka hadi watu elfu chache. Hata hivyo Leakey hakuwa wa kwanza kupaandika. Msafiri Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883, na mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck akafuata mwaka 1913. Uchimbaji wa utaratibu ulifanywa na Hamo Sassoon katika miaka ya 1960, akafuatiwa na John Sutton na Peter Robertshaw, na karibuni Daryl Stump.

Kuhusu «kutoweka», neno hilo nalitilia shaka, lakini nitawaachia wengine waanze.

Kigagula wa Mtandao
Mimi nasema waliojenga si watu wa hapa. Mpangilio ule ni wa Wamisri au Wafoinike waliopotea njia.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Kigagula, umerithi hoja ya kikoloni bila kujua. Mwaka 1933 G.W.B. Huntingford aliandika kuhusu «ustaarabu wa Waazania», taifa moja lililodhaniwa kuwa lilijenga magofu ya mawe, barabara na mifereji ya Afrika Mashariki kisha likatokomea. Kilichosababisha dhana ile ni kwamba wageni waliwaona wenyeji wa wakati huo hawana uwezo wa kazi kama hiyo. Leo hakuna mtafiti anayeishika. Nawe Mfoinike wako alipotea njia vipi hadi akafika Monduli, akapanda mtama, akafuga ng'ombe, wala asiache hata chungu kimoja cha kwao?

Kigagula wa Mtandao
Nimenyamaza, mwalimu. Lakini sitaufuta ujumbe wangu.

Fundi Mifereji
Kazi yangu ni skimu za umwagiliaji, kwa hiyo niruhusuni niongelee ufundi wenyewe. Watu hudhani kuwa kupeleka maji kilomita kadhaa juu ya mteremko kunahitaji darubini ya mpimaji. Nimewaona wazee wa Kilimanjaro wakichimba mfongo mpya, yaani mfereji wa Wachagga, bila hata pima maji ya fundi mwashi. Wanafungulia maji kidogo kutoka kwenye banio, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, wanayaacha yatambae, kisha wanachimba mbele yake hatua chache, wanangoja tena. Maji yakisimama, wamepanda mno. Yakikimbia na kuanza kula udongo, wameshuka mno. Mteremko sahihi unapatikana kwa kuyafuata maji yenyewe, na bila shaka Engaruka walifanya vivyo hivyo.

Jambo ambalo wageni wengi hawalioni pale ni udongo. Zile kuta fupi za mawe mnazoziona zimekatiza shamba hazikuwa mipaka ya urithi peke yake. Stump ameonyesha kuwa katika sehemu za eneo lile mashamba yenyewe yalitengenezwa: wakulima walielekeza maji ya mafuriko yenye tope, wakayapunguza kasi kwa kuta za mawe, tope likatulia nyuma ya ukuta, nao wakaongeza mstari mwingine wa mawe tope lilipojaa. Baada ya misimu kadhaa palipokuwa na changarawe pakawa na udongo wa kulimika. Kwa hiyo walikuwa wakinywesha shamba na kuliumba kwa maji yale yale. Mvua ya pale haizidi sana milimita 400 kwa mwaka, na bila mfereji usingevuna hata debe moja.

Binti wa Usangi
Kwetu Upare tunayo ndiva, na nadhani inafaa kutajwa hapa. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Usiku kucha linapokea maji ya kijito, asubuhi mlango wake unafunguliwa na maji yanateremka kwa nguvu ambayo kijito peke yake kisingekuwa nayo. Nilipokuwa mdogo babu alikuwa akinituma alfajiri na bonge la udongo mkononi kuziba mahali palipovuja kwenye mfereji wetu, kwa sababu maji yakipotelea njiani zamu yako inaisha shamba la mwisho likiwa bado kavu, na jirani hakuongezei hata dakika moja.

Swali langu kwa Mpita Njia: ulipouliza ni nani aliyejenga, je, uliuliza pia ni nani aliyekuwa akigawa maji? Mimi naamini jibu la kwa nini waliondoka limo katika swali hilo la pili.

Mpita Njia
Sikuuliza, dada. Endelea tafadhali.

Binti wa Usangi
Mfereji unahitaji watu wa kuufagia kila msimu, na watu hao wanahitaji mtu wa kuwaita ambaye watamtii. Wazee wa maji wakigombana, au vijana wakikataa kutoka, mfereji unajaa mchanga katika misimu miwili. Engaruka ingeweza kufa bila ukame wala vita.

Kerio
Nawasalimu kutoka Elgeyo-Marakwet, Kenya. Naunga mkono hoja ya dada wa Usangi kwa mfano ulio hai. Mifereji yetu inatoka mito kama Embobut na Arror, inatambaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hadi chini kwenye Bonde la Kerio, mahali pengine ikiwa imebebwa kwa magogo na mawe juu ya genge ambalo mbuzi mwenyewe hufikiria mara mbili. Kila mfereji una koo zake, kila ukoo una saa zake, na aliyefungua maji usiku nje ya zamu yake hutozwa faini na wazee. Kwa desturi kazi ya mfereji ni ya wanaume, na wanawake walikatazwa hata kuugusa, jambo ambalo dada zetu sasa wanalihoji kwa haki kabisa.

Mifereji hii imevuka uvamizi wa wezi wa mifugo, njaa na ukoloni, na hadi leo maji yanapita. Ndiyo maana nasita kukubali kwamba Engaruka iliuawa na maadui. Sisi tumekuwa na maadui wakati wote.

Olchani
Nashukuru kwa kauli hiyo ya mwisho, kwa sababu nilikuwa nikingojea ni nani atakayekuwa wa kwanza kusema «Wamaasai waliwafukuza». Mimi ni Mmaasai wa tarafa ile ile. Kila kitu kilichovunjika katika bonde hili tunabebeshwa sisi, hata ambavyo huenda vilivunjika kabla hatujafika.

Fikirini kidogo. Mfugaji anahitaji nafaka mwaka wa njaa. Mkulima wa umwagiliaji jirani yako ni ghala lako. Unampelekea ngozi, maziwa na kondoo, anakupa mtama. Mwenye akili hachomi ghala lake. Wasonjo, yaani Batemi, wamezungukwa na Wamaasai kwa vizazi vingi kule Loliondo, tumepigana nao mara nyingi, sikatai, na bado wanamwagilia mashamba yao hadi leo.

Mwalimu Mstaafu
Olchani, hoja yako ni nzito, lakini usiisafishe historia kupita kiasi. Wapo watafiti wanaoamini kuwa kuenea kwa Wamaasai kuelekea kusini kuliifanya njia ya kutorokea na ya biashara kuwa ngumu. Mji hauhitaji kuchomwa ili uhamwe. Inatosha watu wawe na hofu ya kwenda kuchunga ng'ombe wao mbali na nyumba.

Olchani
Sawa, mwalimu, hofu naikubali. Kufukuza siikubali.

Gwaraay
Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu. Vijiji saba vya Engaruka vilijengwa juu ya mteremko, nyumba zikiwa kwenye matuta yaliyokingwa kwa mawe, na mashamba yakiwa chini. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo imepatikana, na kuna mazizi ya mawe. Sutton alihisi kuwa ng'ombe walilishwa zizini na samadi yao ikapelekwa mashambani, kwa kuwa shamba lililolimwa mfululizo namna ile lisingeendelea kuzaa bila kurutubishwa.

Niliposoma maelezo hayo nilimwona bibi yangu wa Kainam. Ng'ombe wetu walilala ndani ya nyumba ile ile tuliyolala sisi, upande wa pili wa boriti. Kila asubuhi kabla ya shule nilizoa samadi kwa jembe, nikaibeba kwa ungo uliochakaa hadi lundo la nyuma, na darasani wenzangu hawakuhitaji kuniona ili wajue nimefika. Majani tulikata bondeni, tukayabeba kichwani. Wapo wanaodhani kuwa waliotoka Engaruka ni miongoni mwa mababu wa Wairaqw, na masimulizi yetu yana safari ndefu ya kuhama kutoka makazi ya zamani baada ya vita na Wadatoga. Siwezi kuapa kuwa ni wale wale, lakini ufugaji wa zizini haukuanguka Mbulu kutoka mawinguni.

Mtemi
Ndugu yangu Gwaraay, foleni ya urithi ni ndefu, naomba nisimame mbele yako. Sisi Batemi ndio majirani wa karibu wa Engaruka tunaoishi bado kwa mifereji, na vijiji vyetu pia vimekaa mlimani, juu ya mashamba. Kwetu maji yanasimamiwa na baraza la wazee wa koo maalumu, na mamlaka yao hayatenganishwi na dini yetu ya Ghambageu. Ukimdharau mzee wa maji hujavunja ratiba tu, umekosa adabu mbele ya Mungu. Ndiyo maana watu wanaamka saa nane za usiku kwenda kupokea zamu bila polisi kusimama pale.

Gwaraay
Basi tugawane: ninyi chukueni mifereji, sisi mtuachie samadi.

Tabibu wa Kata
Naomba kuuliza kuhusu jambo ambalo halijaguswa. Nyumba juu, mashamba chini. Wengine watasema ni ulinzi, wengine kwamba hawakutaka kujenga juu ya ardhi ya kulimika. Mimi kwa kazi yangu naona mbu. Maji yaliyotuama mashambani ndimo Anofelesi anamozaa, na jamii nyingi za milimani Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kulima tambarare mchana na kurudi kulala juu. Hawakujua kuwa ni mbu, lakini walijua kuwa anayelala bondeni anarudi na homa. Ikiwa watu waliongezeka na baadhi wakalazimika kulala chini, malaria ingeweza kuwapunguza taratibu kiasi kwamba mikono ya kufagia mifereji isitoshe.

Fundi Mifereji
Tabibu, hoja inavutia ila ina tundu. Vijiji vile havikupanda juu sana. Viko kwenye mteremko wa chini tu wa ukingo, juu kidogo ya mashamba. Mbu hachoki kwa umbali huo.

Tabibu wa Kata
Kweli, mbu hachoki. Lakini mteremko haushiki madimbwi, na upepo wa jioni husaidia. Naipunguza hoja yangu nusu, siiondoi.

Mkulima wa Vitunguu
Nimesoma uzi wote nikiwa shambani Mang'ola. Mnazungumza vita, dini na mbu, na hakuna aliyetaja chumvi. Mimi nalima vitunguu kwa mfereji wa chemchemi. Kipande changu cha mwisho, kile kinachopokea maji yaliyokwisha kupita kwa wengine, kilianza na doa jeupe lenye ukubwa wa sahani. Msimu uliofuata lilikuwa na ukubwa wa mkeka. Vitunguu vinachipua vizuri, vinafika kimo cha kidole, kisha ncha za majani zinakauka kama zimepitishwa motoni. Ukionja ule unga mweupe ulimi unasisimka. Jua kali, maji mengi, na mahali maji yasipotoka chini, chumvi hupanda juu. Karne tatu za kunywesha ardhi ile ile zinatosha kabisa.

Fundi Mifereji
Chumvi ndiyo iliyowasumbua hata Wasumeri kati ya Hidekeli na Frati, wakahama kutoka ngano kwenda shayiri kwa sababu shayiri huvumilia chumvi zaidi. Lakini Engaruka ina mteremko mzuri, na udongo wake uliotokana na tope la mafuriko unapitisha maji kuliko wa Mesopotamia. Pia watu wa Engaruka ya leo wanalima kwa mto ule ule, jirani kabisa na magofu. Chumvi ingekuwa ndiyo muuaji, wangekuwa wakilia sasa hivi.

Mkulima wa Vitunguu
Watalia, wape muda.

Mpita Njia
Nilipokuwa pale niliuona mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai upande wa kaskazini ukifuka kidogo. Mwaka 2007 ulilipuka, majivu yakaharibu malisho na watu wakahama. Hivi haiwezekani kuwa mlipuko mmoja mkubwa ulifunika mashamba?

Olchani
Mwaka huo tuliyaona majivu kwa macho yetu, na ng'ombe walikataa majani. Lakini upepo wa huku kwa kawaida hutoka mashariki, kwa hiyo majivu mengi huenda magharibi, kuelekea Serengeti. Wataalamu wanasema hata zile mbuga za nyasi fupi zimekua juu ya majivu ya volkano za nyanda hizi. Engaruka iko kusini ya mlima. Ingehitaji upepo uliokosa adabu.

Mwalimu Mstaafu
Na pia wachimbaji wangekuta tabaka la majivu limekaa juu ya mashamba kama blanketi, na hilo lingekuwa jibu la kwanza kuandikwa. Badala yake maelezo yanayorudiwa zaidi ni ya maji kupungua. Baadhi ya mabonde yaliyokuwa yakilisha mifereji leo hupata maji wakati wa mvua tu, wakati Mto Engaruka wenyewe unatiririka mwaka mzima. Mianzo ya mifereji inaonyesha kuwa zamani mabonde yale madogo nayo yalitegemewa. Ama hali ya hewa ilibadilika, ama misitu ya juu ilipungua, ama vyote viwili.

Binti wa Usangi
Mwalimu, maji yakipungua ndipo ugomvi wa zamu unapoanza. Hoja yako haiui yangu, inaizaa.

Mtemi
Na ugomvi ukianza, wenye jamaa kwingine huondoka kwanza. Familia moja kwenda kwa wajomba, nyingine kuozesha binti mbali na kumfuata. Baada ya miaka 60 aliyebaki ni bibi mmoja na mbuzi wake. Hiyo si kutoweka.

Kerio
Ukifika hapo bado hujaeleza kwa nini waliobaki hawakukusanyika kwenye ule mto mmoja usiokauka. Sisi tungefanya hivyo.

Gwaraay
Pengine walikusanyika. Pengine ndio hao waliokutwa na kupokewa na Wamaasai, wakabadili lugha, na leo wajukuu wao ndio wanaomtembeza Mpita Njia na kumwambia kuwa wenye mawe walitoweka.

Olchani
Hapo umenigusa. Katika boma letu kuna ukoo ambao wazee huutania kuwa «wa jembe». Sijawahi kuuliza kwa nini. Jumamosi naenda nyumbani, nitamuuliza baba, ingawa najua ataanza kwa kunitaka nimweleze nani amenituma.

Mpita Njia
Tunakusubiri, mkuu. Nawe mkulima wa Mang'ola, ukipata nafasi tuwekee picha ya lile doa jeupe.

Mkulima wa Vitunguu
Kesho. Zamu yangu ya maji inaanza saa kumi alfajiri, na jirani yangu wa juu ana tabia ya kuchelewa kufunga.